Kibandiko cha Picha Namba Kumi na Saba

Wamenipa maneno sitini ya Kiingereza
niyageuze Kiswahili kabla ya Ijumaa,
peni kumi na mbili kwa kila neno.
Nyumba ya sanaa, Hull, ghorofa ya pili,
chumba chenye joto la mashine na harufu ya nta.

Picha yenyewe si kubwa, ingeziba dirisha la choo.
Mvulana, kichwa kimeinama upande,
nywele vitanzi vitanzi, shati jeupe limelegea begani,
koti la manyoya, na mkononi
kijiti chenye matundu.
Venisi, wanasema, karibu mwaka elfu moja mia tano na kumi.
Mchoraji ana majina matatu, yote na alama ya kuuliza.

Neno la kwanza tu limenikwamisha.
Nikiandika "mchungaji", watu wetu watasimama
wangoje sadaka ipite.
Nikiandika "filimbi", watautafuta mpira.
Kijana Mchungaji na Filimbi Yake:
mhubiri aliyegeuka refa,
anampa Shetani kadi nyekundu.
Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akakohoa.

Kibandiko kinasema: huzuni ya mapenzi.
Kinasema: midomo iliyoachana kidogo, kama inayotaka kuita jina.
Kinasema huenda si wa kondoo hata kidogo,
bali mwana wa tajiri, kavalishwa ushamba mchana mmoja
enzi ushamba ulipokuwa fasheni.

Jumatano nikamleta Nabitanga.
Anafungasha nyanya kwenye mabanda ya vioo kule Cottingham,
zamu ya usiku; alikuja na viatu vya kazi
na mfuko wenye samaki wa barafu.
Utoto wake aliuacha juu Minembwe
pamoja na ng'ombe thelathini na mmoja
ambao hata leo atakutajia kwa rangi na kwa pembe.

Hakuuliza kachora nani.
Alisogea mpaka mlinzi akainua mkono.
Akatazama kucha: "Safi mno."
Akatazama shati: "Hili halijanyeshewa."
Manyoya: "Aliyemvika hajui baridi inaingilia wapi."
Nikaandika, si mchunga. Nikafunga daftari.

"Ngoja," akasema. "Sikio."

Sikio la kulia limechomoza kwenye nywele,
jekundu kidogo ukingoni.
Kibandiko hakikulitaja.
"Hana huzuni huyu. Anahesabu.
Ukungu ukishuka mlimani humwoni hata wa mbele yako.
Unapiga kidogo, unaacha.
Unainamisha kichwa hivi,"
akakiinamisha, mikono imeshika hewa,
vidole vimeachia matundu,
"unasubiri kengele, pumzi, nyasi zinavyokatika.
Thelathini.
Thelathini.
Midomo inabaki hivyo kwa sababu hujui bado
utapiga tena au utalia."

Akakaa hivyo.
Watoto wa shule wakapita wawili wawili na vizibao vya manjano,
mmoja akamtazama yeye badala ya picha.
Samaki wakaanza kudondosha maji sakafuni.

"Nguo kaazima," akasema akijinyoosha,
"sikio haliazimwi.
Labda aliyechunga ni mchoraji."

Sasa niko nyumbani na sitini yangu.
Mkataba unasema bila maoni, bila nyongeza.
Basi nimepunguza: nimemkata mchungaji mkia,
nikabakiza "mchunga",
neno la anayepitisha unga kwenye chekeche,
la anayeambiwa chunga mdomo wako,
la anayekesha.
Filimbi nimeiacha filimbi, marefa watanisamehe.
Lakini pale penye huzuni ya mapenzi
nimekwama tangu saa mbili,
naandika neno, nalifuta.

Mvua ya Hull kwenye kioo:
inapiga kidogo, inaacha.
Nahesabu upya kutoka juu.
Hamsini na tisa.
Hamsini na tisa.